Matundu hayaifanyi meli kuwa salama

Kila ninapowapeleka wazamiaji kwenye meli iliyozamishwa makusudi iwe mwamba bandia, huwapo anayesema: hii imeandaliwa, haina hatari. Kuandaliwa, imeandaliwa kweli. Mafuta hunyonywa, vifaa vyenye sumu huondolewa, milango hung'olewa, na ubavuni hukatwa matundu mapana ili mwanga uingie na mzamiaji apate pa kutokea. Ila kazi hiyo hufanywa meli ikiwa bado inaelea wima, na huko chini huenda isikae hivyo.

Spiegel Grove, meli ya kivita ya Marekani yenye urefu wa mita 155, ilizama kabla ya wakati wake huko Key Largo, Florida, Mei 2002. Ikapinduka, omo ikabaki imechomoza juu ya maji. Juni ikamaliziwa kuzamishwa, ikalala ubavu. Wazamiaji wakaizoea hivyo, sakafu ikiwa ukuta na mlango ukiwa shimo. Julai 2005 ukapita mkasa wa kimbunga Dennis, na meli ikakutwa imekaa wima! Aliyekariri njia zake za ndani ilibidi aanze upya.

Ninachokihofia kuliko vyote ni tope. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga pezi mara moja tu karibu na sakafu ya chumba cha injini. Mlango tulioingilia nilikuwa nikiuona, kama mita nne hivi. Kabla sijamgeukia, haupo. Mwanga wa tochi ukawa ukungu wa kahawia, na mapovu yetu yalipogonga dari yakazidi kutuangushia kutu. Nilimshika mkono, wangu wa pili haukuachia kamba ya mwongozo, tukatoka kwa kupapasa.

Hapo ndipo hesabu ya hewa inapookoa mtu. Kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, na kila pumzi hula hewa mara nne. Theluthi ya mtungi ni ya kuingilia, theluthi ya kutokea, iliyobaki haiguswi ila kwa dharura.

Asiye na mafunzo ya kuingia ndani simwingizi, hata akisihi. Nampitisha nje, kwenye reli za sitaha, mahali mkondo unapoleta chakula na sponji na matumbawe laini yameshika kila chuma. Tukishuka taratibu kuelekea rafadha, mara nyingi chewa mkubwa yuko kivulini, anatutazama tu.