Kaseti ya gurudumu moja: maneno yanayotuponza kwenye hifadhi ya data

Kijana niliyekuwa namfundisha kazi kwenye chumba cha seva hapa Kampala alinijia ameshika bisibisi. "Kaka, hii kaseti ni mbovu. Ina gurudumu moja tu." Kanda ilikuwa nzima kabisa. Kichwani alikuwa na kaseti za muziki za zamani, zile za magurudumu mawili tuliyokuwa tukiyazungusha kwa kalamu, na neno "kaseti" tulikuwa tumempa sisi wenyewe.

Kanda ya LTO, yaani utepe wa sumaku wa kuhifadhia data ya kompyuta, hivyo ndivyo ilivyo. Sukuma kilango cha pembeni utaona kipini kidogo cha chuma kimeshika ncha ya utepe. Draivu, mashine inayoisoma na kuiandika kanda, hukinasa kipini hicho na kuuvuta utepe hadi kwenye gurudumu la pili, lililomo ndani ya draivu yenyewe. Ndiyo maana kanda ikikwama haivutwi kwa koleo: utepe wa LTO-9, kizazi cha tisa cha kanda hizi, una urefu wa mita 1,035, na sehemu kubwa huenda iko tayari tumboni mwa mashine. Vichwa vya draivu huandika kwenda mwisho kisha kurudi, mstari kando ya mstari, kama maksai wanavyolima shamba kule Teso.

Wengi husema kanda ni mambo ya kizamani. Kanda za kwanza za LTO ziliingia sokoni mwaka 2000 zikibeba gigabaiti 100. LTO-9, iliyotoka 2021, inabeba terabaiti 18. Februari 2011, hitilafu ya programu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, na nakala zilizokuwa kwenye vituo vingine vya data nazo zikaguswa. Google walizirudisha kutoka kwenye kanda. Kanda iliyo nje ya draivu haifikiwi na hitilafu ya programu, wala na virusi.

Sasa namba za kwenye boksi. LTO-9 huandikwa terabaiti 18 na 45, na mnunuzi hushika 45. Hiyo 45 ni makadirio ya data ikibanwa mara mbili na nusu. Maandishi na hifadhidata hubanika vizuri. Picha, video na mafaili ya zip yameshabanwa tayari, hayapungui tena. Ukipanga bajeti, hesabu 18.

"Kanda zote zinafanana, zitaingia tu." Kuingia zinaingia, kwa kuwa umbo halijabadilika tangu mwanzo. Kusomeka ni jambo lingine: draivu ya LTO-8 inasoma LTO-7 na haisomi LTO-6. Ofisi inayotupa draivu ya zamani huku kanda zake bado ziko kabatini imejifungia nje ya data yake yenyewe.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni la sumaku. Mtu anataka kutumia tena kanda za zamani, anaona bora azifute kwa mashine ya sumaku kali. Kiwandani, kila kanda ya LTO huandikwa alama za kuongozea vichwa, na draivu haiwezi kuziandika upya. Sumaku ikizifuta, kanda hiyo imekufa. Njia ya salama ni kuandika juu ya data ya zamani, au kuifuta kwa amri ya programu. Kanda ya kusafishia nayo isiingizwe kila Ijumaa kama ibada: inakwangua vichwa, iingize pale tu draivu inapoiomba.

Neno lililotugharimu zaidi ni "bakapu". Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na diski mbili pacha ndani ya seva, kila badiliko la moja likiingia papo hapo kwenye nyingine, na kila mtu aliziita bakapu. Mhasibu alifuta folda ya mishahara saa nne asubuhi. Saa nne hiyohiyo ikafutika kwenye diski ya pili. Diski pacha hukulinda na diski inayokufa, basi. Nakala rudufu ni ile inayobaki na sura ya jana hata leo ikiharibika. Wengine huiita chelezo, jina la kitu kinachoelea majini, na mimi nalipenda: mengine yakizama, chelezo kiko juu.

Lazima nakala hiyo pia ikae mbali. Moto wa Septemba 2020 ulipounguza jengo kuu la Makerere, kila fundi mjini alijiuliza nakala zake ziko umbali gani kutoka kwa seva. Wengi wakajibu: "Tuko kwenye wingu," yaani data yao iko kwenye seva za mbali wanazozifikia kwa intaneti. Januari 2021, siku ya kuamkia uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wingu lilikuwepo, na data ilikuwepo, ila njia ya kuifikia haikuwepo.

Kwetu sasa kanda ya Ijumaa inapanda gari kwenda Jinja ndani ya boksi lake la plastiki. Kabati lake lina kipimo cha joto na unyevu, kwa sababu hifadhi ya miaka mingi inataka nyuzi 16 hadi 25 na unyevu usiopita asilimia 50, na hewa ya kando ya ziwa haikupi hilo bure. Kila mwezi tunachomoa kanda moja bila kuchagua, tunairudisha kwenye seva ya majaribio, na yule kijana wa bisibisi ndiye anayefungua mafaili moja moja kuona kama yanasomeka.