Patisheni zimepotea kwenye Linux: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ulitaka kugawa flashi. Ukafungua `fdisk`, programu ya kugawa diski katika patisheni, yaani vipande, ukaandika `sda` (diski ya mashine) pale palipostahili `sdb` (flashi), ukabonyeza `g` (unda jedwali jipya), kisha `w` (liandike), na kabla kidole hakijainuka moyo ukakwambia: ile si flashi. Kuanzia hapo ushauri utamiminika, na mara nyingi ushauri ndio unaomaliza mafaili, si lile kosa lenyewe.

"Patisheni zikitoweka, mafaili yamefutika."

Hapana. Jedwali la patisheni ni kama ramani ya viwanja: ikiungua, nyumba hazibomoki. Kwenye diski za mtindo wa zamani, MBR, ramani hiyo ni baiti 64 tu ndani ya sekta ya kwanza (sekta ni kipande kidogo cha diski): safu nne za baiti 16, kila moja ikitaja kiwanja kinaanzia sekta ipi na kina sekta ngapi. Ramani ya mtindo mpya, GPT, ni kubwa zaidi, nayo huweka nakala ya pili mwishoni kabisa mwa diski. Kama kilichoharibika ni mwanzo wa diski peke yake, programu ya `gdisk` inaweza kuirudisha ramani kutoka nakala hiyo. Aliyebonyeza `g` na `w` asiitegemee. `Fdisk` huandika jedwali jipya pande zote mbili.

"Zima uwashe, itakaa sawa."

Huu ndio unaoniudhi kuliko yote. Linux inapowaka, keneli, yaani kiini cha mfumo, husoma jedwali na kulishika kwenye kumbukumbu. Patisheni zinazotumika wakati huo haiziachii, hata jedwali la kwenye diski likibadilishwa chini yake. `fdisk` yenyewe hukuambia kwamba keneli bado inatumia patisheni za zamani. Watu huusoma ujumbe ule kama hitilafu, kumbe ni bahati yao. Kabla ya kugusa kingine chochote, andika:

`cat /sys/block/sda/sda1/start`
`cat /sys/block/sda/sda1/size`

Fanya hivyo kwa kila patisheni iliyobaki, uzinakili namba kwenye karatasi au uzipige picha kwa simu. Zinahesabu sekta za baiti 512. Usiende kuuliza `fdisk -l`, maana hiyo inasoma diski, nako kuna ramani mpya isiyo na kiwanja hata kimoja. Ukizima mashine, ile ramani ya kwenye kumbukumbu nayo imekwenda.

"Ukiunda patisheni upya umejimaliza."

Kuunda patisheni ni kuandika mstari kwenye jedwali. Kinachobomoa nyumba ni kufomati, yaani `mkfs`, na kwenye SSD ndiyo balaa: `mkfs.ext4` kwa kawaida huiarifu SSD kwamba nafasi yote ile haina kazi tena, na baada ya hapo SSD nyingi hurudisha sifuri tupu. Kwa hiyo unda patisheni kwa namba zilezile ulizonakili, uishie hapo. Huenda `fdisk` ikakwambia imeona alama ya ext4 (mpangilio wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux) na kuuliza kama iiondoe. Jibu hapana! Swali lenyewe ni habari njema, umegonga jiwe la mpaka.

Na aliyekwisha kuzima? Atafute mawe hayo kwa TestDisk, programu ya Christophe Grenier. Ext4 huweka superbloku yake, yaani bloku ya maelezo yake makuu, baiti 1024 kutoka mwanzo wa patisheni, ikiwa na alama EF53. XFS, mpangilio mwingine wa mafaili, huanza na herufi XFSB. TestDisk hupita diski nzima ikizisaka. Lakini inaweza pia kufukua mipaka ya zamani, ya mgawanyo ulioufuta miaka mitatu nyuma, hivyo bonyeza `P` uyaone mafaili kwanza, ndipo uandike.

"Ikikataa kufunguka, piga `fsck`."

`fsck`, programu ya kukagua mpangilio wa mafaili, hurekebisha ikiamini kwamba mpaka ulioipa ni sahihi. Mpaka ukiwa umekosewa, itakata na kushona mahali pasipo na jeraha. Anza na `fsck -n`, ambayo hukagua bila kuandika. Diski inayogonga gonga isikaguliwe kabisa: inakiliwe kwanza yote kwa `ddrescue` kwenye diski nyingine, kazi ifanyike kwenye nakala.

"Nina bekapu ya sekta ya kwanza, sina wasiwasi."

Baiti 512 zilizonakiliwa kwa `dd` zilitosha enzi za patisheni nne. Patisheni za ndani ya ile iliyopanuliwa (extended, inayobeba nyingine ndani yake) zimeandikwa kwingine, moja ikielekeza kwa nyingine kama mnyororo, na kwenye GPT sekta hiyo ya kwanza ni ganda la ulinzi tu, ramani haimo. Amri inayofaa ni `sfdisk -d /dev/sda > ramani.txt`, na ya kurudisha ni `sfdisk /dev/sda < ramani.txt`. Faili lenyewe ni la maandishi, mistari michache tu. Mimi hulituma kwenye barua pepe yangu, kwa kuwa niliwahi kulihifadhi kwenye diski ileile.