Kabla hujarudisha sega kuukuu mzingani, uliza nyuki wake walikwenda wapi

Tangu wafugaji waanze kuandaa mizinga kwa ajili ya makundi mapya, dawati letu la ukaguzi wa afya ya nyuki limekuwa likipokea swali moja kila siku: nimepewa masega ya zamani, yamekaa stoo muda mrefu, niyatumie? Anayeuliza kabla ya kuyatumia tunamshukuru kwa dhati. Ila nasi tunalo swali la kumrudishia, na wengi hawana jibu lake: nyuki waliokuwa kwenye masega hayo waliishia wapi? Walihama, walikufa, au walihamishiwa mzinga mwingine wakiwa wazima?

Hatuna nia ya kumnyima mtu sega. Inakadiriwa nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo 1 ya nta, kwa hiyo kundi linalokuta masega yamejengwa tayari linaokoa nguvu nyingi. Sega jeusi lililowahi kulea majana, yaani watoto wa nyuki, pia lina harufu inayovuta makundi yanayotafuta makazi. Sega la mzinga wako mwenyewe, wa kundi unalolijua na lililo zima, litumie. Tatizo ni sega lisilo na historia.

Kinachotutia hofu kuliko vyote ni ugonjwa wa kuoza majana wa Kimarekani, unaoletwa na bakteria Paenibacillus larvae. Bakteria huyu hutengeneza spora, chembe ngumu anazojihifadhia, zinazoweza kudumu zaidi ya miaka 35 kwenye masega na vifaa. Buu aliyeanguliwa ndani ya siku moja anaweza kuambukizwa na spora 10 tu, na akishakufa na kukauka, ganda lake hubeba spora hadi mabilioni. Kwa hiyo tafadhali, “limekaa miaka kumi” si hoja. Miaka kumi kwa spora ni kama jana.

Lisome sega kabla ya lolote. Simama jua likiwa nyuma ya bega lako, shika sega kwa upau wa juu ukiwa umeuelekeza kwako, uliinamishe mpaka mwanga uingie ndani ya vijumba na uone ukuta wa chini. Ganda la ugonjwa huu ni jembamba, la kahawia iliyokolea hadi nyeusi, limelala kwenye ukuta huo na limeng’ang’ania. Ukilikwangua kwa ncha ya kisu, kijumba kinachanika kabla halijatoka. Ukitikisa sega ukasikia vitu vikavu vikigongagonga kama punje, na vikadondoka vyeupe au vya kijivu, huo ni ugonjwa mwingine, wa kuvu, ambao hukausha majana yakawa kama chaki. Kama sega bado lina majana na vifuniko vimebonyea au vimetoboka, chomeka njiti ya kiberiti kijumbani, koroga, vuta polepole. Ikitoka na uzi wa kahawia unaonyumbuka sentimita 2 au 3 kabla haujakatika, acha hapo hapo.

Kuacha hapo hapo kuna maana yake, na tunaieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wazuri wanapojiingiza matatani. Funga mzinga jinsi ulivyoukuta. Usitoe asali, usigawe masega, usihamishe mzinga hata kuupeleka upande wa pili wa manzuki, yaani eneo la mizinga yako. Punguza mlango ili nyuki wa mizinga mingine wasiingie kuiba asali, maana wizi huo ndio njia ya haraka ya kusambaza spora. Osha kisu na glavu kwa maji na sabuni. Kisha toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo au nyuki ya eneo lako. Katika nchi nyingi ugonjwa huu ni wa kutolewa taarifa kisheria: kukaa kimya ni kosa, na kuhamisha mzinga baada ya kupewa amri ya zuio ni kosa jingine linalojitegemea, lenye adhabu yake. Mkaguzi atachukua sampuli. Ikithibitishwa, kwa kawaida nyuki huuawa jioni wakiwa wote wamerudi, na masega, viunzi na asali huchomwa ndani ya shimo ili asali na nta inayoyeyuka isitiririke nje, kisha shimo hufukiwa. Usianze kuchoma mwenyewe kabla ya kukaguliwa. Ukishachoma, hakuna wa kuthibitisha kilichokuwepo, na pale penye fidia unaweza kuikosa.

Tunaambiwa sana, “mimi nimechemsha nta.” Hapana, na tena hapana. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Vyote viwili haviui spora hizi. Viwanda husafisha nta chini ya mgandamizo, kwenye nyuzi 120 hivi kwa nusu saa. Sufuria ya nyumbani haifiki huko. Friza haiziui, wala jua. Nta yenye shaka isirudi mzingani.

Friza ina kazi yake nyingine: kuua nondo wa nta, ambaye mabuu yake hula masega. Kwenye nyuzi hasi 15 mayai, mabuu na nondo wenyewe hufa ndani ya saa 2. Sisi tunashauri siku mbili ili baridi ifike katikati ya rundo. Funga masega kabla ya kuyatoa. Naftalini, ile ya kabatini, usiitumie kabisa: huingia ndani ya nta na kutoka nayo hadi kwenye asali. Mvuke wa asidi ya asetiki ya asilimia 80 husaidia dhidi ya spora za Nosema, kimelea cha tumbo la nyuki, lakini hauui zile za uozo wa Kimarekani. Unakula chuma na kuunguza macho, basi glavu na miwani si hiari.

Hata sega zima lina umri wake. Kila kizazi cha majana huacha ngozi na vifukofuko, vijumba vinazidi kuwa vyembamba, na mabaki ya dawa za varoa, utitiri anayeshambulia nyuki, hujikusanya ndani ya nta. Andika mwaka juu ya kila upau, na badilisha theluthi moja ya masega ya majana kila mwaka.

Ukihitaji msaada wetu, tuma picha zilizopigwa kwa namna ile ya jua nyuma ya bega. Tukikuomba sampuli, kata kipande cha ukubwa wa kiganja chenye vijumba vinavyotiliwa shaka, kisicho na asali, ukifunge kwenye karatasi na si kwenye plastiki. Sega lenyewe usilibebe kulileta ofisini.