Picha ya Kiganja Haina Tarehe ya Kuzaliwa

"Daktari, mashine inasema ana miaka mingapi?"

Swali hili nimeulizwa na wazazi, makocha na mawakili mpaka nimeona niliandikie. Wa mwisho alikuwa kocha. Alikuja na kijana wake, bahasha ya picha za eksirei za kiganja mkononi, akitaka nimwandikie namba moja tu: 16 au 18. Nikamwambia siwezi. Akaudhika, akadhani kuna jambo namficha. Sikumficha kitu, kwa sababu namba hiyo haimo kwenye picha.

Kilichomo ni ukomavu wa mifupa. Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye bamba la ukuaji, ambalo ni gegedu, na kwenye eksirei gegedu huonekana kama mstari mweusi kati ya ncha ya mfupa na shina lake. Kijana anapobalehe mstari ule hukonda, hukatikakatika, kisha hufutika na kuacha kovu jembamba jeupe. Kwenye kiganja, ncha za vidole hutangulia kufunga. Mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba huwa wa mwisho, na hapo ndipo ninapokaza macho, maana mara nyingi katikati pameshaziba huku ukingo bado uko wazi.

Nikishaona hayo, nalinganisha na atlasi, yaani kitabu cha picha za mfano za kila umri. Inayotumika zaidi ni ya Greulich na Pyle, toleo la pili la 1959, iliyotokana na watoto wa familia zenye uwezo wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo nikiandika "umri wa mifupa ni miaka 16", nimesema jambo moja tu: kiganja hiki kinafanana na cha mvulana wa kawaida wa miaka 16 katika kundi lile. Na hata ndani ya kundi lile lile, mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watoto wanavyotofautiana na wastani, katika miaka ya ujana ni karibu mwaka mzima, na kawaida huhesabiwa mpaka mikengeuko miwili kila upande. Piga hesabu: miaka miwili chini, miwili juu, na bado uko ndani ya kawaida. Kijana huyo anaweza kuwa na miaka 14, na anaweza kuwa na 18. Anayekutajia umri kwa miezi kutokana na picha moja anakisia, hata kama ripoti yake ina muhuri.

Watu husahau kwamba kipimo hiki kilibuniwa kwa mtoto ambaye tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana, ili tuone kama mifupa imetangulia au imechelewa. Lishe duni, maradhi sugu, upungufu wa homoni ya thairoidi na dawa za steroidi za muda mrefu huchelewesha mifupa. Unene uliokithiri na balehe ya mapema huiharakisha. Ukisoma picha bila kujua historia ya mtoto, aliyeugua miaka mingi utamwita mdogo kuliko alivyo, na aliyebalehe mapema utamwita mtu mzima. Huyu wa pili ndiye anayeniumiza moyo: ana miaka 15, lakini anaamuliwa kama mtu mzima kwa sababu tu mifupa yake imewahi.

Kuna wanaosema: "Mifupa imefunga, basi ametimiza 18." Si kweli. Wasichana huwatangulia wavulana kwa takriban miaka miwili, na hata wavulana wako wanaofunga kabla ya 18. Kiganja kikishafunga, hakituambii tena lolote: cha mtu wa miaka 19 na cha mtu wa 30 hufanana. Ndiyo maana inapobidi hutazamwa mwisho wa mtulinga unaogusa kidari, kwa picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka), kwa kuwa wenyewe hukamilika kufunga katika miaka ya 20.

Makocha nao hunitajia MRI ya FIFA, kipimo cha picha za sumaku za kifundo cha mkono, iliyoanza kutumika kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Kile ni kichujio. Bamba la kifundo cha mkono lililofunga kabisa ni nadra sana kwa mvulana asiyefika 17, kwa hiyo aliyefunga huondolewa. Ambaye hajafunga hajathibitishwa kuwa na umri anaoutaja.

"Ni mrefu, mifupa yake lazima iwe mikubwa kiumri." Hapana, wazazi warefu huzaa watoto warefu.

"Mionzi itamdhuru." Picha moja ya kiganja ina dozi ndogo mno, chini ya ile anayoipata kila mtu kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Hata hivyo sipigi picha isiyo na sababu.

Ombi langu kwa wanaonitumia vijana: karatasi ije na jinsia, tarehe ya kuzaliwa iliyotajwa, urefu, dawa anazotumia na lini dalili za balehe zilianza. Picha iwe ya kiganja cha kushoto, vidole vimetanuliwa kidogo, kifundo chote kikiwemo. Iliyokatwa kwenye kifundo nairudisha. Na mzazi, pima urefu wa mwanao kila miezi sita uandike na tarehe. Daftari hilo lije pamoja naye.

Yule kocha aliondoka na ripoti inayosema miaka 14 hadi 18. Akirudi kesho, nitamwandikia hiyo hiyo.