Mimba huanza kwa baba, miezi mitatu kabla

Mwanamke anayepanga kubeba mimba hupewa maelekezo mengi: ameze vidonge vya foliki asidi, aache pombe, apime damu, presha na sukari. Mumewe akimsindikiza kliniki, mara nyingi huishia kwenye benchi la nje, na akiingia huulizwa jina na namba ya simu, basi. Hili linaniumiza kila ninapoliona, maana mbegu itakayotunga mimba hiyo huenda muda huohuo inatengenezwa ndani ya mwili wa huyo aliyeachwa benchini.

Mayai ya mwanamke yapo tangu hajazaliwa. Mbegu za kiume ni tofauti: huzalishwa upya kila siku, tangu balehe hadi uzeeni. Seli changa ndani ya korodani huhitaji siku kama 74 kuwa mbegu yenye kichwa na mkia. Kisha mbegu hiyo hupita kwenye epididimisi, mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, ambao ukinyooshwa hufika mita 6 hivi. Safari hiyo nayo huchukua wiki moja au mbili. Ukijumlisha, ni karibu miezi mitatu, na katika muda huo wote chakula, moshi, pombe na usingizi wa baba huifikia.

Huifikiaje? DNA ni kama kitabu cha maelekezo, na baba hutoa nusu ya kitabu cha mtoto. Juu ya maandishi hayo kuna alama zinazoiambia seli ukurasa upi usomwe na upi ufungwe. Elimu ya alama hizo ndiyo epijenetiki. Herufi hubaki zilezile, ila usomaji hubadilika. Alama nyingine ni kemikali ziitwazo methili, zinazobandikwa kwenye DNA yenyewe. Nyingine ni protini zinazoikunja DNA ili ienee kwenye kichwa kidogo mno cha mbegu.

Linalonishangaza zaidi ni mizigo ya RNA, molekuli zinazofanana na DNA na zinazobeba ujumbe ndani ya seli. Tafiti za panya zimeonyesha kuwa kuta za epididimisi hutoa vifuko vidogo sana vyenye vipande vya RNA, na mbegu hupokea mizigo hiyo inapopita. Mbegu iliyokwisha kuumbwa bado inaongezewa ujumbe njiani, na ujumbe huo hutegemea hali ya mwili wa baba wakati huo.

Mwaka 2010 watafiti nchini Australia waliwalisha panya dume mafuta mengi. Watoto wao wa kike walikua na kongosho lisilotoa ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, ingawa mama zao walikula chakula cha kawaida. Kwa binadamu, watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2019 matokeo ya vijana 15 wenye afya waliofuata mlo maalumu kwa wiki mbili, wiki ya pili ukiongezwa sukari nyingi. Muda huo mfupi ulitosha kubadilisha vipande vya RNA ndani ya mbegu zao. Huko Denmark, wanaume wenye unene uliokithiri walipimwa kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito na mwaka mmoja baadaye, na alama nyingi kwenye mbegu zao zilikuwa zimebadilika.

Tusivuke mpaka wa ushahidi. Mimba ikishatungwa, sehemu kubwa ya alama za methili hufutwa na kuandikwa upya, na tafiti hizo mbili za binadamu zilipima mbegu, hazikufuatilia watoto. Kwa hiyo mtu asimnyooshee baba kidole kwa kila ugonjwa wa mwanawe. Lakini nami siwezi kukaa kimya nikisubiri ushahidi ukamilike, wakati hatua zinazohitajika zina faida kwa baba mwenyewe hata asipopata mtoto.

Sigara iachwe kabisa. Pombe ipunguzwe, na ikiwezekana iachwe kwa miezi hiyo. Kitambi kipunguzwe taratibu kwa mlo na mazoezi. Korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, kwa hiyo kompyuta isipakatwe mapajani kwa saa nyingi.

Kuna jambo moja wanaume hulificha: sindano za testosteroni za kujaza misuli. Wengi hudhani zinaongeza uzazi, kumbe ni kinyume. Ubongo ukiona homoni imejaa damuni, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, na mbegu zinaweza kutoweka kabisa kwenye manii. Kurejea kwake huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo ingieni wote wawili kwa mtaalamu. Baba naye apimwe uzito, presha na sukari, na ataje kila dawa anayotumia, pamoja na zile za kujenga misuli. Kama majibu ya manii si mazuri leo, msikate tamaa. Baada ya miezi mitatu ya kubadili mwenendo, kipimo kitakachorudiwa kitakuwa cha mbegu mpya kabisa.