Kuzima na kuwasha spektromita hakurudishi mstari mahali pake

Umeme ukikatika na kurudi katika maabara ya fizikia hapa Dar es Salaam, ushauri wa kwanza utakaousikia ni zima, washa. Spektromita (kifaa kinachotenganisha mwanga na kupima urefu wa mawimbi yake) ikionyesha mstari wa njano wa mwanga wa sodiamu kwenye nanomita 591, mtu anarejesha mipangilio ya kiwandani akitegemea namba ijirekebishe.

Haijirekebishi. Sodiamu hutoa mistari miwili, 589.0 na 589.6, na atomi haina habari na umeme wenu. Kilichohama ni ulinganifu kati ya pikseli za kihisi na urefu wa wimbi, pengine kwa joto au mtikisiko. Kuwasha upya husaidia programu iliyoganda, basi. Kurejesha mipangilio ya kiwandani kunaweza hata kufuta namba za urekebishaji, zinakili kwanza.

Kipimo cha kuaminika kiko darini: taa ya tyubu ya zamani (si ya LED, hiyo haina zebaki). Mistari ya zebaki ya 435.8 na 546.1 inajulikana vizuri. Yote ikiwa imesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, rekebisha kifaa. Ukisogea mmoja tu, kagua usomaji wako: kifaa cha bei nafuu huiunganisha miwili ya sodiamu kuwa mmoja mnene.

Angalia pia jedwali unalolinganisha nalo. 589.0 ni ya hewani. Kwenye ombwe (mahali pasipo na hewa) mstari huohuo huandikwa 589.16, na hakuna kitufe cha kuondoa tofauti hiyo.