Je, wajua kwa nini mwanafizikia huishia kwenye kupima sukari ya damu?

Ukipimwa sukari kwenye zahanati yoyote ya Dar es Salaam, tone la damu hunyonywa na stripu, mashine inahesabu sekunde chache, kisha namba inatokea. Wengi tunaona hapo kazi ya daktari na mkemia tu. Lakini sehemu ngumu ya kipimo hicho ni fizikia.

Stripu nyingi zimepakwa kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho kila molekuli ya glukosi (sukari ya damu) inayokutana nacho hunyang'anywa elektroni 2. Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani walitoa wazo la kukiunganisha na elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme, mwaka 1962. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza wakatumia ferosini, kemikali yenye chuma, kuzibeba elektroni hizo hadi kwenye elektrodi, na vipimo vya mkononi vikawezekana.

Mkondo wa umeme unaotokana na elektroni hizo ni mikroampia (milioni moja ya ampia) chache tu, na hautulii. Glukosi iliyo jirani na elektrodi huisha kwanza, ya mbali inafika kwa kutangatanga. Frederick Cottrell aliliandikia kanuni jambo hilo mwaka 1903: muda ukiongezeka mara 4, mkondo hubaki nusu. Ndiyo maana mashine inahesabu. Lazima isome mkondo kwa wakati uliopangwa. Joto nalo huziharakisha molekuli, kwa hiyo mashine nyingi zina kipimajoto ndani. (Na kwa joto na unyevu wa Dar, tafadhali usiache kikopo cha stripu wazi.)

Sasa mfikirie kijana wa fizikia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayetafiti utando mwembamba wa seli za sola. Tayari anajua kutandaza metali kwa unene wa nanomita na kuutofautisha mkondo mdogo na kelele za umeme. Kilicho kigeni kwake ni kukishikiza kimeng'enya kwenye elektrodi bila kukiharibu, na hapo wengi husota kwa muda mrefu. Kisha kuna parasetamo na vitamini C: vikiwa kwenye damu, navyo hutoa elektroni, na sukari inaweza kusomeka kubwa kuliko ilivyo. Suluhisho mojawapo ni kuchagua volti ndogo, inayotosha kuzipokea elektroni za glukosi bila kuzivuta hizo nyingine.

Akishaliweza hilo, anaweza kuweka kingamwili mahali pa kimeng'enya na kutafuta protini ya vimelea vya malaria. Kipimo cha haraka cha malaria tulichozoea hutoa mstari wa ndiyo au hapana. Elektrodi inaweza kusema ni kiasi gani.